Kiwanuka, sauti ya ng'ambo ya ziwa

Jamani nani mwingine hapa Mwanza anamsikiliza Michael Kiwanuka? Jamaa kazaliwa London 1987 ila wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin, yaani asili yake ni ng'ambo tu ya ziwa letu hili, na ukimsikia anavyoimba soul, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, unajua kabisa huyu ana Afrika ndani. Kuna wimbo wake wa 2016 unaanza na makofi na sauti, juzi niliuweka kwenye spika pale Mwaloni Kirumba kina mama wanachambua dagaa, mmoja akaanza kupiga makofi hapohapo bila kuelewa neno hata moja la Kiingereza!!

Kinachonigusa zaidi ni hili jina, alipoanza muziki kuna watu walimshauri atumie jina lingine, yeye 2019 akatoa albamu akaiita Kiwanuka, na 2020 ikachukua tuzo ya Mercury huko Uingereza. Safi sana.

Ukimmaliza huyo mtafute Somi, kazaliwa Marekani, mzazi mmoja Uganda mwingine Rwanda, yeye anachanganya soul na jazi. Anza naye usiku, sauti iwe juu.