Alama za MCAT zikigoma kupanda, rudi kwenye maswali uliyokosa

Wa kwanza 496. Wa pili 501, wa tatu 502, wa nne 501. Kila anayejiandaa kwa MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari Marekani na Kanada, hufika mahali mitihani ya majaribio ikaanza kutoa namba za namna hii. Wengi hujibu kwa kuongeza maswali: aliyekuwa akifanya 60 kwa siku anafanya 120. Siku haiongezeki, kwa hiyo kinachokatwa ni muda wa kusahihisha, na alama hupanda kutokana na kusahihisha kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kukata tamaa, isome namba yenyewe vizuri. Kila sehemu kati ya nne hupewa alama 118 hadi 132. Jumla ni 472 hadi 528, katikati yake 500. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani na wenye mtihani, huweka ukanda wa pointi 2 juu na 2 chini kwenye kila jumla. Basi kutoka 502 kwenda 501 si kushuka, na kutoka 501 kwenda 502 si kupanda. Tena usilinganishe mtihani wa kampuni binafsi na wa AAMC, maana kila mmoja una kipimo chake. Linganisha wa AAMC kwa wa AAMC, chukua wastani wa mitatu ya mwisho, na mitihani hiyo ya AAMC iweke akiba kwa wiki za mwishoni.

Mtihani kamili una maswali 230 na dakika 375 za kazi, bila mapumziko. Tenga siku mbili nzima za kuupitia. Usipitie uliyokosa tu: pitia na yale uliyopata kwa kubahatisha. Ili uyajue, weka alama ya kuuliza pembeni ya namba ya swali ukiwa bado ndani ya mtihani, kwa sababu ukishaona jibu sahihi utajiaminisha kwamba ulilijua.

Sasa daftari la makosa. Wengi wanalo, ila wanaliandika vibaya. Chukua swali hili: asidi dhaifu yenye ukolevu wa 0.10 M na Ka (kipimo cha nguvu ya asidi) ya 1.8 × 10⁻⁵, tafuta pH. Mwanafunzi amechagua 5.7, jibu ni 2.9. Kwenye daftari anaandika “nirudie asidi na besi”, kisha jioni nzima inaishia kwenye sura ambayo tayari anaijua. Maandishi yenye faida ni haya: “Nilizidisha Ka kwa ukolevu nikapata 1.8 × 10⁻⁶, nikakimbilia logi kabla ya kipeuo cha pili. Kipeuo kwanza: kipeo ni shufwa, nagawa kwa mbili, napata kama 1.3 × 10⁻³. Kipeo kikiwa witiri, nasogeza nukta kwanza. Kukagua: asidi kali ya 0.10 M ina pH 1, maji safi 7. Asidi ya ukolevu huu kukaribia 6 kulitakiwa kunishtua.” Hapo kosa limeshikwa lilipo. Halikuwa la maarifa, lilikuwa la hesabu ya haraka, na MCAT haina kikokotoo. Dawa yake ni dakika 15 kila siku za kugawa, kukadiria, vipeuo na logi kwa mkono, mpaka mkono uzoee.

Kwa hiyo kila kosa lipe jina: sikujua, nilisoma vibaya, nilikosea hesabu, nilikimbizwa na muda, au nilibadili jibu lililokuwa sahihi. Baada ya kila mtihani, hesabu kila kundi lina mangapi. “Sikujua” yakiwa mengi, rudi kwenye vitabu na kadi, wazo moja kwa kadi moja. Asidi amino zote 20 na herufi zake hazina mjadala, ni za kukariri. “Nilisoma vibaya” mara nyingi huanzia kwenye grafu: mtu anaangalia mstari unapanda, hajaangalia mhimili unapima nini na kwa kipimo gani. Anza na mihimili, kisha mstari.

Muda una hesabu yake. Sehemu tatu za sayansi zina dakika 95 kila moja, vifungu 10 na maswali 15 ya kujitegemea: dakika 8 kwa kifungu, moja kwa swali la kujitegemea. Usilale kwenye swali moja. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo chagua lolote, liwekee alama, songa mbele.

CARS, sehemu ya ufahamu, ndiyo inayowaumiza zaidi waliosoma sayansi, hasa ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani. Vifungu 9, dakika 90. Saa ikibaki na dakika 60 uwe umemaliza vitatu, ikibaki na 30 uwe umemaliza sita. Aliyefanya ufahamu wa Kiswahili shuleni anaijua kanuni: jibu linatoka kwenye kifungu, si kichwani mwako. Majibu ya mtego yana sura zinazojirudia. Lipo la kweli duniani ambalo mwandishi hakulisema. Lipo lililokwenda mbali kuliko yeye, lenye “daima” au “kamwe” mahali aliposema “mara nyingi”. Na lipo lililotoka kweli kwenye kifungu ila linajibu swali jingine. Fanya vifungu viwili au vitatu kila siku, mwanzoni bila saa. Ukimaliza kusoma, andika sentensi moja: mwandishi anataka nikubali nini? Ukisahihisha, weka kidole kwenye mstari unaobeba jibu.

Maswali uliyokosa yarudie baada ya siku 3, kisha baada ya wiki 2. Herufi ya jibu utakuwa unaikumbuka, kwa hiyo jipime kwa kueleza kwa sauti kwa nini yale mengine matatu si sahihi.

Angalia pia sehemu ya nne, saikolojia na sosholojia. Ikiwa ukiifanya peke yake asubuhi unapata 128 na ndani ya mtihani kamili 124, usiongeze vitabu. Umechoka. Fanya majaribio kuanzia saa 2 asubuhi, kwa mapumziko yaleyale ya dakika 10, 30 na 10, na chakula kilekile utakachobeba siku yenyewe.

Tarehe ikikaribia na wastani wako bado uko chini sana ya unapotaka, ahirisha mapema, usiende kujaribu bahati. Unaruhusiwa kufanya MCAT mara 3 kwa mwaka, mara 4 ndani ya miaka miwili mfululizo, na mara 7 maisha yako yote. Hata ukiketi kisha ukaomba matokeo yafutwe, imehesabiwa.