Kutoka Feri hadi Sinza: siku moja na kamera yangu

Saa 11 alfajiri. Begi la kamera hulala sebuleni, si chumbani kwenye kiyoyozi. Kioo kilichopoa kikikutana na unyevu wa Dar, lenzi inatoka jasho na utaifuta mpaka jua lichomoze.

Saa 12:30, Soko la Samaki Feri. Mteja anataka picha za mnada. Chini ya paa mwanga ni hafifu, mikono ya dalali haitulii, wabeba ndoo wanakatiza: "Pisha, pisha!" Naweka kasi ya shata 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa), ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, naiachia ipande yenyewe hadi 6400. Vijana wengi wanaiogopa ISO kama ukoma. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa utazipunguza kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi naiweka nukta moja, juu ya jicho la dalali, maana kamera ukiiachia uchaguzi itakamata ndoo iliyo mbele. Viwiko nimebana mbavuni, kidole kinabonyeza taratibu.

"Mpigapicha, nitoe vizuri, mama watoto aone niko kazini!"

Saa 4, Kariakoo, picha za viatu dukani. Hapa kazi ni raha: stendi, ISO 100, f/8, taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Mwenye duka anauliza kwa nini nisifunge tundu hadi f/22, kiatu chote kikaonekana wazi, mbele hadi nyuma. Nikamwonyesha picha zote mbili, ya f/8 na ya f/22, kwenye skrini. Kwenye kitundu kidogo mno mwanga hutawanyika, uzi wa kushonea ukaonekana na ukungu wote.

Saa 7, wali maharage. Saa hizi mtu akitaka majengo ya Posta yapigwe kutoka Kigamboni kwa lenzi ndefu, namwambia asubiri kesho asubuhi. Joto linapocheza hewani, hakuna mpangilio wa kamera unaolituliza.

Saa 2 usiku, send-off Sinza. MC kawapanga mashangazi mistari mitatu. Nafunga hadi f/5.6, flashi juu, fokasi mstari wa kati. Ukipiga kwa f/1.8, tundu wazi sana, fokasi haifiki mistari yote na shangazi wa nyuma hana sura, na pengine ndiye aliyechanga kuliko wote. Muziki ukianza, shata 1/200. Flashi ndiyo inayowagandisha wachezaji.

Saa 6 usiku nakopi kadi kwenye diski mbili, nakuza kila picha asilimia 100. Jicho lisipoonekana wazi, nafuta, hata kama tabasamu ni zuri.