Chai ya Saa Kumi na Moja

Jana binti yangu alikuja jikoni na daftari la Kiingereza. "Mama, 'dinner' ni chakula cha usiku, siyo?" Nikacheka peke yangu, mwiko mkononi. Akanuna, alidhani namcheka yeye.

Kumbe mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Sheffield, mji wa Uingereza nilikowahi kuishi. Jirani yangu wa kule, bibi mmoja aliyeniita "love" hata kabla hajalijua jina langu (hilo nalo lilinisumbua wiki nzima), alinikuta kwenye ngazi akanialika Jumapili kwa "tea", saa kumi na moja. Tea! Neno hilo nalijua tangu darasa la tatu. Chai, na kipande cha keki wakijaliwa. Nami nimelelewa kwamba hauendi kwa watu na njaa zako, basi saa tisa nikasonga ugali wa semolina, nikaumaliza wote na maharage.

Nafika, mezani visu na uma. Kikombe hakuna. Akaniuliza, "Have you had your dinner?" Jamani, saa kumi na moja jioni, chakula cha usiku ningekuwa nimekulia wapi? Nikajibu kwa adabu zote: bado.

Uso ukamshuka. Kule kaskazini mwa Uingereza, kwa wengi "dinner" ni chakula cha mchana, na "tea" ndicho cha jioni. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba tangu asubuhi nashinda njaa. Sahani aliyokwisha kunipakulia ikarudishwa jikoni. Ilipotoka tena ilikuwa na pai ya nyama na viazi ya kulisha msiba, na viazi vingine vya kuponda pembeni, na njegere, na mchuzi mzito wa kahawia. Akanimwagia Henderson's, sosi yao nyeusi ya pale Sheffield, akaketi kunielekea. Nikala. Ugali umekaa chini kama jiwe la kusagia, pai inashuka juu yake tonge kwa tonge, jasho linanitiririka na nje kuna theluji. Nikipumzika tu: "Eat up, love."

Chai ya kunywa ililetwa mwisho. Ilinishinda.

Sikumwambia ukweli. Kila Jumapili, mpaka nilipohama, nilikuta sahani iliyofunikwa mlangoni pangu, nami niliipokea.

"Mama, niandike nini sasa?"

Nikamwambia aandike cha usiku. Mwalimu wake anataka hicho.