Nilivyoifanya asembla ya GNU ikubali komenti za nukta mkato

Asembla ni programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa kwa maneno kuwa baiti za prosesa. Nilikuwa na mafaili ya zamani ya prosesa za x86, ya biti 32, yaliyoandikwa kwa ajili ya NASM, asembla nyingine. Huko komenti huanza kwa nukta mkato. Nilipotaka kuyapitisha kwenye asembla ya GNU, nikaweka .intel_syntax noprefix (amri ya kuitaka isome mtindo wa Intel) juu ya kila faili, nikarekebisha amri chache za data, nikaendesha. Makosa yakamiminika: haijui agizo liitwalo "hifadhi", haijui "rudisha". Kumbe ilikuwa inasoma komenti zangu! Kwenye x86 asembla hiyo huhesabu ; kuwa kitenganishi cha maagizo ndani ya mstari mmoja. Komenti yake ni #.

Nikafuta komenti zilizolalamikiwa, faili likapita. Ila programu ikawa inaongeza moja zaidi kila mzunguko. Nilipoifumua kwa objdump, zana inayogeuza baiti kuwa maagizo tena, nikakuta baiti 41 (kwa heksadesimali), yaani inc ecx, agizo la kuongeza moja, pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika "; inc ecx" ili kuizima. Agizo nililolizika lilikuwa linafanya kazi, na asembla haikunung'unika kwa kuwa ni agizo halali.

Kubadilisha kila ; kuwa # kwa sed, zana ya kubadilisha maandishi, kusingefaa. Nyingine zilikuwa ndani ya matini za kuchapishwa, na NASM bado iliyahitaji mafaili hayo.

Nikafungua msimbo wa asembla yenyewe, faili la gas/config/tc-i386.c, nikaongeza ; kwenye i386_comment_chars, orodha ya alama za komenti, nikajenga upya. Hakuna kilichobadilika. Jibu nililipata ndani ya app.c: funksheni ya do_scrub_begin hujaza jedwali la alama kwa zamu, komenti zikitangulia na vitenganishi vikifuata, kwa hiyo kitenganishi kilikuwa kinaifuta kazi yangu. Nikaiondoa ; kwenye line_separator_chars, orodha ya vitenganishi, pia, kelele zikaisha.

Zikaisha kupita kiasi. Makro (vifungu vya maagizo vyenye jina) zenye "push ebx; push esi" zilipoteza nusu ya pili bila onyo lolote: ugonjwa uleule, umegeuzwa tu. Hapo nikaiga --divide, chaguo ambalo kwenye baadhi ya mifumo huizuia / isiwe komenti. Machaguo husomwa kabla jedwali halijajazwa, basi nikaongeza la kwangu, orodha zote mbili zibadilike pale tu ninapoliwasha.

Faili la majaribio lilikuwa na mistari mitatu: komenti, agizo lililozimwa, na .ascii "a;b". Nilipoliwasha, zikatoka baiti tatu tu: 61 3b 62, yaani a;b.