Shilingi ya 1924 inayong'ara kupita umri wake

Jumamosi iliyopita nilinunua sokoni Kariokor shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924, ile yenye simba aliyesimama mbele ya milima, na nilipoitazama nyumbani chini ya taa nikatambua kwamba ilikuwa imeoshwa kwa dawa. Mzee aliyeniuzia aliniambia kwa nia njema, "Kijana wangu, hii ni safi kama mpya," na usafi huo ndio uliopaswa kunishtua papo hapo.

Manyoya ya simba yalikuwa yamelika hadi yakawa laini, na taji la Mfalme George wa Tano lilikuwa limebaki umbo tu. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu kiasi hicho hubaki na weusi kuzunguka herufi na katika mikunjo ya taji, mahali ambapo vidole havifiki. Yangu ilikuwa nyeupe kila mahali, weupe wa namna moja usio na kina. Isitoshe, robo tu ya shilingi hiyo ni fedha na sehemu kubwa iliyobaki ni shaba, kwa hiyo sehemu zilizoinuka zikishalika hutarajiwa kufifia na kuingia rangi ya hudhurungi.

Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyomo hewani kuungana na fedha yenyewe, na kwa hiyo dawa ya masonara inayouyeyusha huondoka na sehemu ya sarafu. Jambo hili hunihuzunisha, kwa sababu kilichoondoka hakirudi. Sarafu inapopigwa chapa, metali yake hutiririka chini ya muhuri na kuacha mistari myembamba mno, ambayo ndiyo huufanya mwanga uzunguke kama njiti za gurudumu unapoiinamisha sarafu mpya. Dawa hula mistari hiyo. Ndiyo maana mimi hutumia taa moja tu, nikaizungusha sarafu polepole: mwanga ukikaa palepale umezubaa ilhali sarafu haijachakaa, naacha kununua. Mikwaruzo inayokwenda upande mmoja ni kosa jingine, la kusugua kwa kitambaa au dawa ya meno, na lenzi inayokuza mara kumi huifichua mara moja.

Senti kumi za shaba zenye tundu huwa rahisi zaidi kuzitambua, maana ndimu au siki huziacha na rangi ya waridi ambayo shaba ya kale haina kamwe.

Hata hivyo, sarafu ambayo haijatumika, ikichovywa mara moja kwa sekunde chache na kusuuzwa vizuri, yaweza isionyeshe dalili yoyote hata kwa jicho lililozoea, na hapo sithubutu kumshutumu muuzaji. Shilingi yangu nimeiweka katika bahasha ya karatasi, nikaandika juu yake kwa kalamu ya risasi: "1924, imeoshwa."