Mjomba Alipokagua Jela ya Philadelphia

Mjomba wangu alikuwa askari magereza Tanzania mpaka akastaafu. Alipokuja kututembelea Philadelphia, Marekani, nilimpeleka kote wanakopelekwa wageni, hana habari. Kengele ya Uhuru yenyewe, ile maarufu yenye ufa, aliitazama kama sufuria iliyopasuka. Nikasema liwalo na liwe, nikampeleka Eastern State, gereza kongwe la jimbo la Pennsylvania. Lilifunguliwa 1829, likafungwa 1971, na siku hizi ni makumbusho.

Aliponiona natoa kadi nilipie kiingilio, akacheka. "Jela nimeifanyia kazi ujana wangu wote, mjomba. Sijaona mtu analipa aingie."

Ndani akabadilika. Mikono nyuma, macho kwenye kufuli na bawaba. Tulipofika katikati, pale mabweni saba ya mwanzo yanapokutania, alisimama akazunguka taratibu. Askari mmoja akisimama hapo anaziona korido zote. "Aliyechora hapa aliijua kazi," akasema. Nikamwambia ni John Haviland, na kwamba ramani yake iliigwa na magereza kama 300 duniani. Akaitikia kwa kichwa tu, kama afande anayepokea ripoti.

Tukaingia selo. "Humu walilala wangapi?"

"Mmoja."

Alidhani namtania. Selo anazozijua yeye watu hulala ubavu, wamebanana, mmoja akigeuka wageuke wote. Hii ina mlango wa kuinamia, tundu moja la mwanga darini, na nyuma kijiua kilichozungushiwa ukuta, ambako mfungwa alitoka saa moja kwa siku, peke yake vilevile. Chakula kilipitishwa kwenye kidirisha. Akitolewa nje ya selo alivikwa kitambaa cha kufunika uso, asimwone mwenzake wala asionekane. Waanzilishi, wakiwemo Wakristo wa madhehebu ya Quaker, waliamini mtu akiachwa na nafsi yake na Biblia atatubu.

Mjomba akapitisha vidole kwenye kile kidirisha, plasta ikamwagika. "Mfungwa akigombana na wenzake, ujue yuko mzima," akasema. "Aliyenyamaza ndiye wa kumchunga. Sasa hapa wamewanyamazisha wote. Askari atajuaje nani anaharibika?" Mimi nilishapita humo na wageni wengine kabla yake, na hakuna aliyewahi kuwafikiria askari. Wafungwa walipozidi nafasi, ikabidi wachanganywe, na mtindo huo ukaachwa rasmi 1913.

Selo ya Al Capone, kinara wa genge la wahalifu aliyefungwa hapo 1929, wamepanga samani nzuri, zulia na redio. Watu walikuwa wanasukumana kupiga picha. Mjomba alichungulia, akasema kila jela ina bosi wake, akapita.

Kilichomshika ni handaki. Mwaka 1945 wafungwa 12 walitoroka kupitia shimo la mita 30 hivi lililochimbwa kutoka selo ya fundi plasta mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Willie Sutton, mwizi wa benki. Lilikuwa limewekewa taa, na lilikuwa na hewa. Mjomba hakuuliza walikamatwaje. Aliuliza, "Udongo walipeleka wapi?" Nikamweleza waliubeba mifukoni wakaumwaga uani kidogo kidogo. Akaguna, akaniuliza tena upekuzi ulikuwa mara ngapi kwa siku, nikawa sina jibu.

Nikamwambia mmoja wa hao 12 alirudi mwenyewe baada ya siku chache, njaa imemuuma, akagonga lango aombe kurudishwa ndani. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo ningempa unyapara siku hiyohiyo!"