Likizo ya Agosti Lamu: panga kwa mwezi mwandamo

Likizo ya Agosti nikiipeleka Lamu, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe ya mwezi mwandamo. Tiketi na nyumba hufuata. Karibu kila mahali pa maana katika visiwa hivi hufikiwa kwa mashua au kwa kutembea ufuoni, na vyote viwili vinatawaliwa na maji kujaa na kupwa. Hori ya kwendea magofu ya Takwa haiingiliki maji yakiwa yametoka. Mkanda, mlango wa bahari wa kwendea kisiwa cha Pate, hukosa kina. Na ufuo wa Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, maji yakijaa sana hukuachia mchanga mwororo unaozamisha mguu kila hatua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Lamu hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Mwezi 8 au 9, yaani siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama, yatajaa asubuhi, lakini hayo ni maji mafu, hayapandi sana. Mwezi 10 hadi 13 yanajaa kati ya saa tano na saa nane mchana, tena kila siku yanapanda zaidi ya jana. Kwa hiyo hupenda kufika mwezi 10 na kuondoka mwezi 17, au kufika mwezi 25 na kuondoka mwezi 2. Ndani ya juma hilo moja unapata maji makubwa ya mchana kwa safari za mashua, na kisha bamvua yenye kupwa asubuhi kwa matembezi marefu. Ukija siku nyingine utaona mji na utakula vizuri, ila Takwa na Pate zitakutesa.

Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kusini. Masika imekwisha, joto limepungua, na mtu anaweza kutembea hadi saa nne bila kuchoka. Ila bahari ya nje imechafuka na upepo hukaza kuanzia adhuhuri. Safari zote za mashua zipite ndani, nyuma ya visiwa. Nahodha akikuambia leo hatoki, mshukuru na ubadilishe siku.

Mji wenyewe nautembea siku ya kwanza na ya pili, saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha tena baada ya alasiri. Anzia Ngome. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, na ilikuwa jela mpaka 1984. Panda juu utazame mapaa, ndipo utaelewa mji ulivyopangwa: Mkomani upande wa kaskazini na nyumba zake za mawe, Langoni upande wa kusini ambako makuti yalitawala zamani. Kisha nenda Jumba la Makumbusho lililoko ufuoni, na baada yake nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa ndani ya Mkomani. Fuata mpangilio huo. Ukianza na nyumba kabla ya makumbusho, vitu vingi utavipita bila kuvijua.

Ukiwa ndani ya nyumba ile, inua macho utazame dari. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo chumba kinavyozidi kuwa cha faragha, mpaka ndani kabisa penye vidaka vya chokaa ukutani. Ukishaliona hilo, kila nyumba ya zamani utakayoingia Lamu, Siyu au Takwa utaisoma mwenyewe.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini ni mji wa watu wanaoishi. Msikiti wa Pwani una maandishi ya mwaka 1370. Utazame kwa nje, na usiingie msikiti wowote bila idhini. Mabega na magoti yafunikwe. Usipige picha ya mtu kabla ya kumuomba. Kichochoroni, punda mwenye mzigo ana haki ya njia: jibanze ukutani na kumpisha, kwani matofali ya matumbawe anayobeba yanachuna ngozi.

Takwa naiweka mwezi 11 au 12. Iko kisiwa cha Manda, mkabala na Shela, ndani ya hori ya mikoko. Chukua wakati wa kujaa kwa siku hiyo, utoe saa moja na nusu: huo ndio wakati wa kuwa umeshaingia horini. Utoe tena saa moja ya njia kutoka Lamu mjini, kwa sababu kusi huwa usoni na mashua hulazimika kubisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, hadi Shela. Maji yakijaa saa sita na nusu, ondoka mjini saa nne. Ukifika utakuwa na saa mbili hadi mbili na nusu za kutembea, na lazima uwe mashuani kabla maji hayajatoka sana. Wanaochelewa hukwama matopeni hadi usiku. Matope ya mikoko yanameza mguu hadi gotini, na chaza wa kwenye mizizi wanakata kama wembe. Vaa viatu vya plastiki vyenye kamba, wala usitegemee ndara.

Takwa ilikaliwa kuanzia karibu mwaka 1500 na kuhamwa mwishoni mwa karne ya 17. Inasemekana maji ya visima yaliingia chumvi na ugomvi na Pate ukazidi, watu wakavuka kwenda Shela. Utakachokumbuka ni Msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Kando ya msikiti tafuta birika la kutawadhia. Kisha zunguka ukuta wa mji, uone mibuyu ilivyoota katikati ya nyumba, halafu malizia kwenye kaburi la nguzo nje ya ukuta. Watu wa Shela bado huja hapo kuomba dua ya mvua, kwa hiyo usipande wala usiketi juu yake. Beba maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu.

Pate ni safari ya kulala usiku mmoja, mwezi 13 kwenda na 14 kurudi. Boti hupita Mkanda maji yakiwa mengi na kushusha Mtangawanda. Kutoka hapo kuna bodaboda. Mji wa Pate una magofu yaliyozungukwa na mashamba ya tumbaku. Siyu ina ngome yake, na mafundi wa ngozi wanaoshona viatu na mikanda. Kutoka Siyu tembea na mwenyeji hadi Shanga, kama saa moja kwa njia ya mashambani, wakati wa asubuhi. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta huko misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Hakuna hoteli, chakula na malazi hupangwa nyumbani kwa watu kabla hujavuka.

Matembezi makubwa ni Shela hadi Kipungani, kilomita 12 za ufuo mtupu. Hayo nayafanya mwezi 15 au 16. Toka Shela saa mbili asubuhi, maji yanatoka na mchanga wa chini ni mgumu, unatembea kama barabarani. Elekea Kipungani, usianze upande wa pili: asubuhi jua litabaki kisogoni. Upepo utakupiga kushoto na kuleta mchanga, basi funga kichwa kwa leso au kilemba chepesi kinachofunika sikio. Hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna kisima. Lita tatu za maji kwa kila mtu, tende, na mkate wa mofa, ambao hauharibiki kwa joto. Mtembee kundi, pamoja na mwenyeji, na msiogelee huko mbali: mawimbi ya kusi yana mkondo wa kuvuta.

Vile vilima vya mchanga msivipande ovyo wala msiache taka. Mvua inayonywewa na mchanga ule ndiyo maji matamu ya visima vinavyonywesha Lamu.

Kwa mwendo wa kawaida mtafika kabla ya saa sita na nusu. Mwambieni nahodha aje saa nane, maji yakiwa yamepanda, asije akakwama. Hayo masaa ya kungoja ndiyo ya kula samaki kijijini, kama mlituma habari siku moja kabla, na kutazama mikeka inavyosukwa. Mwenye nguvu zaidi apitie Matondoni siku nyingine aone mashua zinavyoundwa: pamba inavyogongwa kwenye nafasi za mbao kwa kalafati, kisha mbao zinavyopakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni.

Sasa chakula. Napanga nyumba yenye jiko na dari wazi juu, kwa sababu samaki wa kupaka wa kupika mwenyewe hashindwi na wa hoteli yoyote. Asubuhi kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi za nazi kutoka nje, jioni viazi karai au mishkaki barabarani, lakini cha mchana ni hiki.

Samaki mmoja wa kilo moja na nusu, changu au tewa. Mashavu ya ndani yawe mekundu na jicho liwe limejaa. Kusi ikiwa kali, wavuvi hawatoki nje na bei hupanda, hivyo nenda sokoni mapema. Mpasue mgongoni, mchanje, umpake ndimu, chumvi, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi zilizotwangwa, umwache nusu saa. Kuna nazi mbili. Tui la kwanza, kikombe kimoja na nusu, ni la samaki. La pili ni la wali. Weka tui zito motoni pamoja na thomu, pilipili mbichi na kijiko kidogo cha manjano, ukoroge bila kuacha kwa moto mdogo mpaka liwe zito la kushika mwiko. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga. Ukwaju tia mwisho kabisa, baada ya kuepua, kwani ukali wake nao hukata tui.

Makaa yangoje mpaka yawe na jivu jeupe. Waya upashe moto kwanza na kuupaka mafuta; waya baridi hung'ang'ania ngozi na samaki humeguka akigeuzwa. Mchome pande zote hadi akaribie kuiva, ndipo uanze kupaka tui, safu nyembamba, geuza, paka tena, mara nne au tano. Ukipaka mapema tui litaungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva. Tui lililobaki limwagie juu akiwa siniani.

Wakati wa kuondoka, mabasi ya kwenda Malindi na Mombasa hutoka Mokowe alfajiri, kwa hiyo boti ya kuvuka ikubaliwe usiku wa kuamkia. Kitambulisho kiwe mfukoni, kwani njia ya Witu hadi Garsen ina vizuizi vya polisi na abiria huombwa kushuka. Chupa ya achari ya embe ifungwe kwenye nguo katikati ya begi, kifuniko kikiwa juu. Mafuta yake yakimwagika hayatoki.